Kosea Tarakimu, Usikosee Sifuri

Kama umewahi kununua vifaranga vya samaki kwenye mabwawa yale yaliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, unamjua. Ni yule mama wa buti za mpira zinazomfika magotini, mwenye chujio jekundu la chai mkononi, ambaye kabla hujamaliza kuitikia salamu yake alikuuliza: "Sifuri ngapi?"

Wageni walidhani anawatania, kumbe wapi. Alitaka tu kujua kama bwawa lako ni la samaki makumi, mamia au maelfu. Ukimwambia unataka mia tatu arobaini na saba, alikutazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa, akasema, "Baba, hao arobaini na saba utawapa majina?" Wenzake kazini walimbatiza Mama Sifuri, na jina likamganda mpaka mumewe mwenyewe, akipiga simu ya ofisini, alikuwa akiomba aitiwe Mama Sifuri.

Usidhani ulikuwa uvivu. Kifaranga wa samaki hapendi kuhesabiwa. Ukimtoa majini, ukampitisha vidoleni, ukamweka upande na kumfuata mwenzake, tayari umemtoa ule utelezi unaomkinga, na kesho yake anaelea tumbo juu. Bwana mmoja mwenye duka la vipuri aliwahi kugoma kabisa. Alisema ameagiza mia tano na anataka mia tano, akachuchumaa kando ya tangi na kijiko, akahesabu mmoja mmoja tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Alipata mia tano kamili. Akafika nyumbani na maiti mia tano kamili.

Mama Sifuri alikuwa na njia yake. Alipoanza kazi, enzi hizo bado ana kiuno, alilijaza chujio mara moja, akahesabu waliomo, akapata tisini na kitu, akasema hiyo ni mia. Akajaza tena, akapata mia na kumi na ushee, akasema ni mia ileile. Tangu hapo hakuhesabu tena. Chujio moja mia, machujio kumi elfu, na likipunja hili, linalofuata litafidia. Wanafunzi waliokuja pale kujifunza ufugaji aliwapa somo moja tu, nalo lilikuwa fupi: "Kosea tarakimu, usikosee sifuri. Nikikupa mia tisa badala ya elfu, bwawa lako halitajua. Nikikupa elfu kumi badala ya elfu, bwawa litajua kabla yako."

Mungu naye ana utani wake, maana mwanamke huyu alimpata mume fundi cherehani. Mzee yule ni mtu wa nusu inchi. Futi yake huivaa shingoni hata akienda kulala, na akiambiwa wageni watakaokuja ni makumi, anataka kujua makumi ni kumi na mmoja au tisini. "Wote wanakula," mkewe humjibu, na mazungumzo yanaishia hapo. Jioni moja mzee alijaribu kumfundisha jambo. Alikuwa amekata suruali mbili, ya baba na ya mwanawe mdogo, na kitambaa kimemwishia.

"Wewe unafikiri vitu vinakua kwa urefu tu," alimwambia. "Huyu baba ni mrefu mara mbili ya mtoto wake. Lakini suruali yake haili kitambaa mara mbili. Inakula mara nne, kwa sababu mtu ana urefu na ana upana."

Mama Sifuri alimwambia kwamba samaki hawavai suruali, akaendelea kumenya viazi vyake. Angemsikiliza siku ile, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Walikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mpole mwenye mikono ya chuma na adabu za kupitiliza. Mbele ya mama mkwe wake kijana huyu hakai mpaka yeye akae, hali mpaka yeye aanze, na mimi naamini hata kukohoa alikuwa anasubiri ruhusa. Mama Sifuri alimpenda kama aliyemzaa. Ila alikuwa akilalamika kwa mumewe kwamba hajawahi kupata neno la kweli kutoka kinywani mwa mtoto yule. Ukimuuliza habari, ni nzuri. Kazi, nzuri. Afya, nzuri. Alivunjika mguu mwaka fulani, na alipopigiwa simu hospitalini alisema mguu ni mzima tu, mama, ila umefungwa.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Miaka ya kuutazama ule mwali mweupe, mara nyingi bila miwani, ilikuwa imemla taratibu, na daktari hakuzunguka: achague kuacha kuchomelea au kuacha kuona. Nyumbani kuna watoto wawili na mke anayeuza mboga. Wakakaa, wakalia, wakaamua. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja chenye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Akachimba bwawa kwa jembe lake mwenyewe, na mashine ya kuchomelea akaiuza ili apate chakula cha samaki cha kuanzia. Mashine ikishauzwa, hairudi. Bwawa likifa, hapakuwa na kitu kingine cha kushika, na kila mtu katika familia alilijua hilo ingawa hakuna aliyelitamka.

"Vifaranga niachieni mimi," alisema Mama Sifuri. "Bwawa hilo ni la elfu. Nitawaleteeni elfu."

Shida ni kwamba vifaranga wa kuuza walikuwa wamekwisha. Waliobaki ni wadogo wa tangi la ndani, wenye ukubwa wa punje ya mchele, ambao hawauzwi, na ambao yeye hakuwahi kuwachota maana wana mtu wao wa kuwatunza. Alichotakiwa kufanya ni kungoja wiki chache tu wakue. Lakini binti yake alikuwa amempigia simu akamwambia kwamba mumewe anashinda kwenye kigogo kando ya bwawa akiyatazama maji matupu. Mama gani angeweza kungoja baada ya kusikia hivyo? Mimi nisingeweza.

Akapiga hesabu. Kifaranga wa kuuza ana urefu wa punje tatu za mchele. Kwa hiyo chujio moja la hawa wadogo lina samaki mara tatu ya chujio la wale. Kama elfu huwa ni machujio kumi, basi kwa hawa ni machujio matatu na kijisehemu. Alijipongeza moyoni kwa kukumbuka kupunguza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu alikuwa amejisifu mwenyewe. Akachota matatu, akaongeza kidogo kwa ajili ya wajukuu, akatia kwenye mfuko wa plastiki wenye maji na hewa, akaufunga.

Mtu wa tangi la ndani aliuinua mfuko kwenye mwanga. "Mama, mbona wanaonekana wengi?"

"Wadogo siku zote wanaonekana wengi," akamjibu, akaenda zake.

Miezi ikapita. Kila akipiga simu, mkwe alimjibu kwa sauti ileile ya upole. Samaki wanaendelea vizuri, mama. Wanacheza. Tunashukuru sana, mama, zawadi yako tunaiona. Mama Sifuri alikata simu akiwa na furaha, akawatangazia watu wote kazini kwamba bwawa la mkwewe ni la mfano. Sasa, yeye mwenyewe alikuwa na msemo kwamba watu wote ni wakadiriaji ila hawajijui: mtu ameamka jino linamuuma, paa linavuja, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shuleni, na bado ukimuuliza habari za asubuhi anakwambia nzuri, yaani ameyakusanya yote akayasukuma mpaka kwenye neno la karibu lenye heshima. Alikuwa akilisema hilo na kucheka. Halikumjia kichwani hata mara moja alipokuwa anaongea na mkwewe.

Baadaye akapata likizo fupi, akaenda kuwatembelea. Alifika jua limezama, na alipoomba kuliona bwawa, mkwe akasema giza limeingia, mama, upumzike kwanza, bwawa halikimbii. Mezani alimwona amekonda mashavu. Binti yake alikuwa anaongea na sahani. Mama Sifuri alidhani wamegombana, na kwa kuwa mambo ya watu na wake zao hayaingiliwi, akaenda kulala.

Aliamka alfajiri, kama mfanyakazi yeyote wa samaki, akavaa buti zake akatoka. Nyuma ya nyumba alimkuta mkwe ameinama na jembe, ndoo pembeni yake imefunikwa gunia.

"Shikamoo mama," kijana akasema, akisimama mbele ya ile ndoo.

"Marahaba. Unapanda nini saa hizi?"

"Naweka mbolea, mama."

Alinyoosha mkono akaliondoa gunia. Ndani kulikuwa na samaki wadogo wembamba, vichwa vikubwa kuliko miili, wamekufa midomo wazi. Ndoo ilikuwa imejaa.

Akampita, akaenda bwawani. Maji hayakuonekana. Kilichoonekana ni midomo, midomo kutoka ukingo huu mpaka ule, inafunguka na kufumba, ikitafuta hewa juu kwa sababu chini imekwisha.

"Wanacheza tu, mama," mkwe alisema nyuma yake.

"Baba, mimi nimeanza kazi ya samaki wewe hujaota ndevu. Samaki akicheza hufunga mdomo." Aligeuka. "Wanakufa wangapi?"

"Wachache tu, mama."

"Wachache wa sifuri ngapi?"

Kijana akatazama miguu yake. Aliyejibu ni binti, aliyekuwa amesimama mlangoni amejifunga kanga, nywele hazijachanwa. "Ndoo, mama. Sasa ni kila asubuhi. Anawazika kabla watoto hawajaamka. Nilitaka nikupigie, akanikataza. Anasema zawadi ya mama mkwe haikosolewi."

"Mimi ndiye sikujua kuwalisha, mama," mkwe akadakia. "Nilipowaona wanapiga midomo juu nikajua ni njaa. Nikaongeza chakula. Macho yangu nayo, sikuwaona vizuri tangu mwanzo. Kosa ni langu."

Mama Sifuri aliingia jikoni. Kichwa kilikuwa kinamwambia haiwezekani. Akachota mchele kiganjani, akakaa mezani. Samaki wa kuuza ana urefu wa punje tatu: akapanga punje tatu kwa urefu. Halafu akakumbuka suruali. Samaki ana upana pia. Akaongeza safu mbili kando ya ile ya kwanza, zikawa punje tisa. Na samaki si karatasi, ana unene. Akapanga tisa nyingine, na tisa nyingine tena. Ishirini na saba. Alikuwa amegawa kwa tatu kitu kilichotakiwa kugawanywa kwa ishirini na saba. Aliowaleta hawakuwa elfu. Walikuwa kama elfu nane, na kwa hesabu zake yeye, elfu nane ni jirani wa elfu kumi.

Aliumia, nami sitaki kulipunguza hilo. Hakuumizwa na jina lake kazini. Kilichomchoma ni kumwona moyoni kijana yule asiyeona vizuri akiamka gizani siku baada ya siku kuzika samaki wa mama mkwe, kisha akipokea simu na kusema wanacheza. Alilia kidogo juu ya ule mchele, akajifuta kwa upindo wa gauni, akatoka nje.

"Kaa," alimwambia mkwe.

"Kaa wewe kwanza, mama."

"Leo utakaa wewe."

Kijana akakaa kwenye kigogo chake, na Mama Sifuri akabaki amesimama mbele yake na buti zake. "Sikiliza. Wewe hujakosea kitu. Mimi nimekosea sifuri. Nilikuletea wa mabwawa manane nikakwambia ni wa moja. Na mficha maradhi kilio humuumbua, ndiyo haya sasa. Ungeniambia tangu ndoo ya kwanza, nisingekufa. Mimi si yai."

Mkwe alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Binti alikuja akamshika kichwa. Walimwacha alie, maana alikuwa amejikaza muda mrefu mno.

Kisha kazi ikaanza. Chakula kikasimamishwa. Simu ikapigwa kwa bosi wa mabwawa, ambaye aliuliza, "Wewe? Sifuri?" Akajibiwa, "Mimi. Sifuri nzima." Bosi alicheka mpaka akapaliwa, lakini alituma gari lenye matangi na mtungi wa hewa, kwa kuwa vidagaa vile vilivyodumaa vilikuwa vimefikia ukubwa wa kuuza, na kule vilikuwa vimeadimika. Akaahidi kulirudisha gari na magunia ya chakula.

"Tutawahesabu vipi, mama?" mkwe aliuliza.

"Hatuhesabu. Tunakata nusu."

Akawaonyesha. Wavu ukatandazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine katikati ya bwawa, chini ukavutwa na mawe. Samaki wakiwa wametawanyika, huku na huku ni sawasawa, wakizidi watazidi kidogo. Upande mmoja wakavuliwa wote, wakapakiwa. Wavu ukatolewa, wakangoja waliobaki watulie na kutapakaa bwawa zima, wakakata nusu tena. Halafu mara ya tatu. Mkwe alivuta kamba upande huu, mkewe upande ule, na Mama Sifuri alikuwa katikati maji yakimfika kifuani, buti zimejaa, akitoa amri kama nahodha.

"Nusu ya nusu ya nusu ni moja ya nane," alisema wakati gari linaondoka, meno yanamgongana kwa baridi. "Ukitoa na uliowazika, wamebaki mamia. Sifuri tumeitoa."

Midomo ilikuwa imepotea juu ya maji. Lakini waliobaki walikuwa dhaifu, na yeye aliyajua hayo kuliko wote: samaki aliyebanwa hivyo anaweza kuendelea kufa hata akipewa nafasi, ndoo baada ya ndoo, mpaka bwawa libaki maji. Hakumficha mkwe. Siku ya kuondoka alimshika mkono mlangoni.

"Nikikupigia, usinipe nzuri. Nzuri yako nimeshaila, imenikaa kooni. Nipe habari ilivyo."

"Sawa, mama."

"Hiyo sawa ni ya kweli au ya heshima?"

Kijana alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe afike. "Nitajaribu, mama."

Nyumbani alimsimulia mumewe yote, pamoja na habari ya suruali. Fundi cherehani alikuwa na kila haki ya kumcheka mwaka mzima. Alimpangusia kiti tu, akamwambia akae, akamletea chai.

Kwa siku kadhaa hakupiga simu. Aliogopa. Alikuwa akiishika, anaiweka, anaokota nyuzi sakafuni, anaishika tena. Hatimaye jioni moja, mzee akiwa anapiga pindo la shuka, akapiga. Mkwe akapokea, shikamoo mama, marahaba, watoto hawajambo, kisha Mama Sifuri akauliza habari za samaki.

Alisikia kijana akivuta pumzi.

"Mbaya kidogo, mama," mkwe akasema. "Leo wamekufa saba."

"Saba?"

"Saba. Jana kumi na wawili. Nimewahesabu, hao hawaumii tena. Waliobaki wako chini, wanakula, midomo wamefunga."

Mama Sifuri alimshukuru, akamwambia amsalimie mkewe, akakata simu. Alikaa nayo mapajani, machozi yanamtiririka na huku anacheka, mpaka mumewe akaingiwa na wasiwasi.

"Habari gani huko?"

"Mbaya," alisema, akijifuta kwa kiganja. "Mbaya kidogo. Saba."

Mashine ya cherehani ikasimama. Katika miaka yote ya ndoa yao, mzee hakuwahi kumsikia mkewe akitaja hesabu isiyoishia na sifuri.

"Saba kamili?" aliuliza.

"Kamili, mume wangu. Kaniambia mwenyewe."